Jina la Shujaa

Kwenye basi la kisiwa cha Ithaka, Bi Stamatia alijifanya anatazama mizeituni, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mzee Paizis alikuwa akimwambia mama mgeni aliyekaa naye kwamba leo mjukuu wake anabatizwa, atarithi jina la babu, lile la shujaa wa kale wa kisiwa hicho, baharia aliyeteka mji kwa hila ya farasi wa mti.

"Yule mwongo?" mama akacheka. "Kaondoka na vijana wa watu, karudi peke yake!"

"Lakini karudi, mama! Mungu wa kike alimwahidi kwamba hatakufa milele akibaki naye, akakataa kwa ajili ya mkewe."

"Baada ya kukaa kwa huyo mungu miaka saba."

Bi Stamatia alimeza kicheko. Mumewe naye alikuwa baharia.

"Alikuwa na akili," mzee akang'ang'ania.

"Sana. Kalitoroka jitu la jicho moja, yuko salama chomboni, mdomo ukamwasha: akalitajia jina lake kwa kelele. Kwa jina hilo jitu likamlaani, wenzake wote wakaangamia; ndilo unataka kumbebesha mtoto?"

Basi likasimama kanisani. Mama akachomoa chini ya kiti mshumaa mrefu wenye utepe wa buluu. Mzee akautambua: mshumaa ule hushikwa na mama wa ubatizo, na ndiye anayemtajia padri jina.

"Twende, mzee," akasema. "Bado nafikiria."