Sikwenda China

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nipokeeni hivi hivi, macho chini, maana ninayotaka kuyasema yananiaibisha hata kabla sijayatoa.

Mnanijua, Mama Glory wa duka la vitenge, Kariakoo. Mwaka jana mlitangaziwa hapa kwamba nimeenda China kununua na kufunga mzigo wa duka, mkaniombea safari njema. Ndugu zangu, sikwenda China! Nilikuwa nimelazwa wodi ya wagonjwa wa akili, mwendo wa bajaji tu kutoka dukani. Nilikuwa nasikia sauti, nikafukuza wateja, nikamwaga mali barabarani huku nalia. Kaka yangu akaona heri aseme China.

Niliporudi nilijifungia ndani. Kila aliyenisalimu aliuliza mzigo umefika lini. Dawa nilimeza, lakini nyumbani walinificha mpaka visu, hata kitunguu sikuruhusiwa kukata. Mikono ikakaa bure mapajani, nikabaki kuiwaza aibu.

Mama Neema wa kwaya, ambaye kaka yangu alimwambia ukweli, alikuwa amekuja kuniona wodini. Ndiye aliyenivuta hapa kanisani, kwa akina mama wanaopinda kila Alhamisi khanga za kuwapelekea waliojifungua. Siku ya kwanza akanipa mkasi. Mimi niliyezeekea kwenye vitambaa, nikakata doti ya khanga vibaya, mkasi ukapita katikati ya maandishi! Nilitamani ardhi inimeze. Nikainuka niondoke.

Mama Neema akakitazama kile kitambaa, akasema, "Pinda hivyo hivyo, mdogo wangu. Alhamisi ijayo utakata vizuri."

Alhamisi ijayo! Ndugu zangu, ilikuwa miezi hakuna aliyenitegemea kwa siku yoyote ijayo. Nikarudi, nikarudi tena. Usingizi ukaja, nikaanza kuamka nikiwa na pa kwenda. Kliniki bado nahudhuria na dawa nameza. Mungu amenishika kwa hizo, na kwa pindo za khanga.

Aibu haijaisha, siwadanganyi. Lakini mliponiombea safari, Bwana alijua nilipo, na maombi yenu aliyafikisha wodini. Ahsanteni sana.

Mtumainini, ndugu zangu. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye mmesema yuko China, mlete Alhamisi. Mkasi tutampa.