Aliyewafundisha Wazee Kulalamika

Tarehe 30 Juni 2004, Bi. Verna Kittelson anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwasaidia askari wa zamani wa wilaya yetu, huku kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kudai fidia ya ulemavu. Kahawa yake hatutaikumbuka, maana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Yeye mwenyewe tutamkumbuka sana.

Kilichompa sifa ni kazi yake na wazee waliopigana vita vya Korea, wakarudi na miguu iliyoganda kwa baridi na ambayo haikupona tena. Wengine mdomo huwaponza kwa kusema mno. Wazee wetu huponzwa na kunyamaza. Mtu wa huku hata akanyagwe na trekta atakwambia, "Si mbaya sana." Daktari wa serikali anaandika hivyo hivyo, na dai linatupwa.

Basi Bi. Verna akaanzisha masomo ya kulalamika. Ndiyo, kulalamika! Kila Jumatano wazee walikaa wakiona haya kama maharusi, kila mmoja aseme panapomuuma.

"Harlan, umekuja kulalamika au kusifu?" Bi. Verna alimfokea mmoja wao. "Rudia, na safari hii usitabasamu!"

Aliyefeli vibaya ni Mzee Orville Stenerud, mkulima wa viazi. Alikuwa amekataliwa mara mbili, na rufaa hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Bi. Verna akampeleka mwenyewe kwa daktari, pamoja na mkewe, Bi. Ardis, dereva nilikuwa mimi. Daktari akauliza miguu ikoje. Sisi roho mkononi.

"Si mbaya sana, daktari."

Lo! Bi. Ardis aliruka. "Si mbaya? Mwongo mkubwa wewe! Julai nzima, na joto lote lile la kiangazi, analala na soksi jozi tatu! Miguu yake ikinigusa usiku nadhani nimelala na maiti. Hebu vua viatu, Orville!"

Akavua. Daktari akavitazama vile vidole vya miguu vilivyoharibiwa na baridi, akafuta alichokuwa ameandika. Fidia ikapita.

Baadaye Mzee Orville alikuja ofisini. Tulidhani kaleta viazi. Akakaa, akavua kofia, na Bi. Verna akamjulia hali kwa mazoea tu.

"Inauma, Verna," akasema. "Inauma tangu nikiwa kijana."

Bi. Verna akafunga mlango, akakaa naye mpaka jioni.

Asante, Bi. Verna. Tunakuombea mapumziko mema, na popote utakapoumwa, useme tukusikie.