Blanketi la Mama Denis

Upepo wa Mkonze mwezi wa saba hauna adabu: unaingilia kwenye kola, unatokea kwenye soksi. Ndiyo maana Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, watu walikuwa wamebanana kwenye benchi la Khalidi muuza kahawa, na katikati yao Cornel seremala ameshika sindano. Msicheke. Ng'ambo ya barabara, barazani kwa Paulina, akina mama wa kikundi cha Sindano Moja walikuwa wanaunganisha kwa cherehani blanketi kubwa la viraka, vipande arobaini, zawadi ya Mama Denis, mkunga wa zahanati aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Mpwapwa. Kila nyumba ilishona kipande chake kwa mkono. Cornel aliwabembeleza wiki nzima kijiwe nacho kipewe kimoja, maana mkunga yule ndiye aliyemrudishia mkewe Ritha akiwa hai, na mtoto juu. Paulina alikubali kwa sharti moja: saa kumi kamili. Wakichelewa, pale pataachwa tundu, na kesho likikabidhiwa baada ya ibada watu wote watalikodolea macho tundu la kijiwe. Kitambaa cheupe walikuwa nacho, kimepigwa pasi. Cha kushona juu yake ndicho kilichowashinda tangu Jumatatu.

— Weka timu za mpira, alisema Injini, fundi wa bodaboda, grisi mpaka viwikoni. Nusu nyekundu, nusu kijani, tusigombane.

— Mama wa watu anakwenda kupumzika, wewe unampelekea vurugu kitandani? Khalidi alimjia juu.

— Basi pikipiki! Mwaka ule wa mvua, nani alimvusha korongoni kwenda kwa mgonjwa? Si mimi? Maji mpaka hapa!

— Mwaka jana ulipohadithia yalikuwa magotini, Injini, Khalidi alimkata. Leo yamefika kifuani.

Bwana Bajeti akakohoa. Huyu alikuwa tarishi wa wizara miaka thelathini, akastaafu yeye, mdomo wake ukabaki kazini.

— Waheshimiwa, naomba mwongozo. Hapa panatakiwa kuba la Bunge, na chini yake maneno: tunatambua mchango wako. Tena wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa hiyo tuombe vipande viwili.

— Methali hiyo imeingiaje hapo, mzee?

— Kwani huyu si mkunga?

Cornel aliangalia simu. Saa tisa na dakika ishirini.

— Jamani, muda!

Nani amsikilize! Injini alikuwa ameshasimama.

— Blanketi hili likifika Mpwapwa halitalaliwa. Litatundikwa! Watu watatoka Kongwa kuja kuliangalia!

— Kongwa tu? Bwana Bajeti alimdharau. Litaombwa na makumbusho. Marais wakija Dodoma, kabla ya chai, wanapelekwa kushika pindo.

— Wallahi mimi naliona kwenye noti, alisema Khalidi, birika limesahaulika mkononi. Noti ya elfu kumi, upande wa nyuma. Na hili birika langu linaonekana pembeni.

— Basi! Cornel alipiga ubao wa benchi mpaka vikombe vikaruka. Jina lake! Tuandike jina lake tu, uzi mwekundu. Mama Denis. Kuna jina mtaa huu linapendwa kuliko hilo?

Wakalipuka kwa shangwe.

— Hapo umenena, seremala!

— Chema chajiuza! alipaza Bwana Bajeti, akamkumbatia. Khalidi akamimina raundi nzima bila kuombwa. Cornel akainamia kitambaa kwa mkono uliozoea randa, akajichoma kidole mara mbili, asijali. Alikuwa amemaliza "Mama" na kuanza D, akasikia sauti ya kike juu ya kichwa chake.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, binti! Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Naitwa Miriam, nesi mpya wa zahanati. Nimeambiwa nimuulizie Mama Denis, anikabidhi funguo.

Mungu wangu, walimvamia kwa maneno.

— Huyo ndiye aliyempokea Denis wangu alipozaliwa! alisema Injini.

— Na Denis mjukuu wangu, alisema Bwana Bajeti.

— Mimi Mwislamu, dada, lakini wa tatu nilimwita Denis, alisema Khalidi. Shehe aliguna, akazoea.

— Wangu wa kike, alisema Cornel. Denisia. Tulitaka kumuenzi yule mama, kila mtu akampa mwanawe jina hilo. Mtaa huu una akina Denis kumi na mmoja. Ukiita mmoja akale, inakuja timu nzima!

Miriam alicheka mpaka akaweka begi chini.

— Na Denis wa kwanza ni nani?

— Mwanawe.

— Ahaa. Sasa yeye mwenyewe anaitwa nani?

Bwana Bajeti akamgeukia Injini.

— Si Mama Denis? alisema Injini.

— Hilo la mwanawe. Lake?

— Beji yake... alianza Khalidi.

— Sweta, alisema Injini polepole. Siku zote anavaa sweta juu ya beji.

Cornel alipekua simu. Alikuwa amemhifadhi "Mama Denis Mkunga". Akampigia Ritha, pale pale ng'ambo ya barabara.

— Mke wangu, mkunga anaitwa nani?

— Cornel, saa kumi kasorobo hii unanitania? Mama Denis!

— Jina lake mwenyewe. Alilopewa na mama yake.

Cornel alimsikia Ritha akiwageukia wenzake, akiuliza. Vicheko vya barazani vikakatika. Ikanyamaza cherehani ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ritha akatokea ukingoni mwa baraza, simu bado sikioni, akamtazama mumewe ng'ambo ya barabara.

— Vipande arobaini, alisema. Jina lake hatujaliandika popote.

Nyuma yake akatoka Paulina, ambaye hajawahi kumwongezea mtu hata dakika.

— Saa kumi nimeifuta! alipiga kelele. Tundu lenu litasubiri! Kamuulizeni nyumbani kwake!

Injini akaipiga kiki pikipiki yake. Cornel akamwonyesha Miriam apande kwanza, akajibana nyuma yake, kitambaa mapajani, na pikipiki ilipong'oka alikuwa tayari anaifumua ile D.