Nilivyookoka Mara Kumi na Moja

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa makasi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa mapazia niliyejifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikapata kazi katika duka moja hapa katikati ya jiji. Tukapewa mapazia ya nyumba fulani kule Kitisuru kwa matajiri, madirisha kutoka dari hadi sakafuni. Nilikata kitambaa bila kuacha nafasi ya pindo. Yalipotundikwa, yalining'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Mwenye duka akauliza nani alipima. Nikasema ni mama tuliyeshona naye meza moja, ambaye kila siku alinigawia chapati yake. Yule mama alinitazama mara moja, akavua tepu shingoni, akaiweka mezani, akaondoka. Mwenye duka alikuwa amemfuta kazi papo hapo. Mimi nilitaka tu nisionekane nimekosea.

Jumatano iliyofuata niliingia ibada ya saa saba mchana, ile ambayo watu wa ofisini huja wakati wa chakula. Mhubiri akaita wanaotaka kutubu. Nikapita mbele, nikafuatisha sala ya toba neno kwa neno, ila katikati nikakohoa, nikaruka maneno mawili. Msinicheke, wapendwa. Nilirudi kazini nikiamini kikohozi kimeiharibu sala yangu. Wiki iliyofuata nikapita tena. Safari hiyo sikutoa chozi, na aliyepiga magoti kando yangu alilia sana, nikaona toba yangu haitoshi. Nikapita tena, na tena. Niliwaangalia wenzangu wakirudi vitini nyuso zimetulia, nikautamani utulivu ule kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

Mara ya kumi na moja, mama mhudumu wa mlangoni, ambaye kila wiki aliandika jina langu kwenye fomu ya waliookoka, aliweka kalamu chini.

"Kijana, wewe unaokoka kila Jumatano. Huko mbinguni wameshakuzoea."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea. Akaniuliza shida ni nini. Nikaanza kumweleza habari ya kikohozi, akasema hajauliza kuhusu sala, ameuliza nilifanya nini. Basi nikamwambia. Ndugu zangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja jambo lile. Hata Mungu nilikuwa nikimwambia "dhambi zangu zote", kwa jumla, nisilazimike kuitaja hii moja.

"Na huyo mama, anajua unatubu?"

Nikatikisa kichwa.

"Mungu si mwalimu wa kusahihisha insha yako," akasema. "Enda kwake."

Nilimpata yule mama nyumbani kwake, mtaa wa Woodley, akishona sare za shule kwenye baraza lake. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba nzima, lakini nilipofika ikanitoka yote kichwani. Nikasema, "Mama, ni mimi nilikata. Nilidanganya, wewe ukafukuzwa."

Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mshono.

"Mwezi mzima nilikuombea mabaya," akasema. "Halafu nikachoka. Nikamwambia Mungu akusamehe, na mimi anisamehe. Hiyo kitu iliisha kitambo, kijana wangu. Nilikuwa nashangaa tu mbona huji."

Kumbe miezi yote ile niliyokuwa nikitamani msamaha, ulikuwa umeshaombwa kwa ajili yangu na mtu niliyemuumiza. Nililia pale barazani, na sikujiuliza kama machozi yanatosha.

Kesho yake nikamwambia mwenye duka. Alinifukuza, na ilikuwa haki. Yule mama aliitwa arudi, akakataa, akasema baraza lake halina bosi.

Namshukuru, ingawa hayupo hapa leo. Namshukuru pia mama wa mlangoni, ambaye hapo alipo anajifanya hanisikii. Na wewe unayerudiarudia sala moja ukingoja uisali vizuri, nakuomba: litaje lile jambo kwa jina lake, kisha nenda kwa yule uliyemkosea. Mungu hakuwa akingoja usemi wako unyooke.

Bado mimi ni mtu wa wasiwasi. Kuna asubuhi naamka nikitafuta kilichoharibika. Lakini mhubiri akiita watu wapite mbele, siku hizi nabaki kitini, nawaombea wanaokwenda.