Miaka Thelathini na Mitatu ya Fundi Sikio

Tarehe thelathini mwezi huu, karakana ya zimamoto inamuaga fundi wake mkongwe baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Jina lake kamili limo kwenye jalada la ofisi, lakini ukilitaja getini watu watakutazama tu. Hapa anaitwa Fundi Sikio.

Jina hilo alilipata mapema. Enzi za injini za petroli zenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kazi ya kupanga taimingi, yaani kuhakikisha plagi inatoa cheche pistoni ikiwa mahali pake hasa, ilikuwa ya kwake. Alilegeza bolti, akaizungusha distribyuta kidogo kwa mkono, akainamisha kichwa kama anayesikiliza umbea wa jirani, kisha akakaza. Sisi tukipima kwa taa ya taimingi, tulikuta hakuna cha kurekebisha.

Mwaka wake wa ishirini kazini, homa kali ilimlaza wiki tatu. Alipoinuka, masikio yote mawili yalikuwa yamekufa. Mkewe, mshonaji hodari mwenye ulimi mwepesi, alitutania kwamba ndoa yake ndiyo imepona, maana sasa mume anamtazama usoni kila anapoongea. Tulicheka. Ofisini, hata hivyo, hakukuwa na kicheko. Mimi, msimamizi wake wakati huo, niliandika barua ya kupendekeza ahamishiwe getini, awe anafungua na kufunga lango. Niliona namfanyia hisani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniomba wiki mbili kabla sijaifikisha kwa Mkuu wa kituo.

Katika wiki ya pili, gari letu kongwe la maji lilitoka kwenye matengenezo makubwa likakataa kuwaka. Injini ilikohoa, ikatema moto kupitia kabureta, ikazima. Mafundi wawili waliihangaikia siku mbili, wakaizungusha distribyuta hadi ikagota, wapi! Gari la pili lilikuwa juu ya mawe. Mkuu alikuja amekunja uso, akasema ikifika saa kumi halijawaka, tutaazima gari la mji wa jirani.

Fundi Sikio hakungoja kuitwa. Alifungua plagi ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaashiria injini izungushwe polepole kwa spana. Upepo ulipokisukuma kidole, alijua pistoni inapanda kama inavyotakiwa, akasimamisha mzunguko alama ya kapi la mbele na ile ya injini zilipokutana. Kisha akaing'oa distribyuta na kumulika chini. Shafti fupi inayoizungusha ilikuwa imekaa vibaya, imeruka jino moja. Sote tulikuwa tumekazana na cha juu. Kosa lilikuwa chini yake.

Meno ya gia ya shafti ile yamekatwa mshazari, kwa hiyo shafti hujizungusha inaposhuka. Ukiianza sawa, itakaa upande. Sharti uianze upande ili ikae sawa. Mara ya kwanza ilipitiliza. Mara ya pili ilikwama juu ya pampu ya oili. Mara ya tatu ikazama yote, mfereji wake ukielekea panapotakiwa. Alirudisha distribyuta, akaunganisha kitaa kidogo kwenye platini, swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, akaizungusha taratibu. Kitaa kilipowaka tu, akakaza.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Aliweka kiganja juu yake, akalegeza bolti, akaisogeza distribyuta kiasi cha unene wa ukucha hadi mtetemo ukatulia. Nilileta taa ya taimingi nikalimulika kapi. Alama zilikuwa zimekutana, hazikupishana hata unywele. Tuliduwaa. Akatutazama midomo mmoja mmoja, akauliza, "Mbona mmenyamaza?"

Shangwe iliyolipuka hapo iliwatoa hata makarani ofisini. Mkuu alirusha kofia yake juu, ikatua kwenye ndoo ya grisi, wala hakujali. Barua yangu niliichana siku hiyohiyo, mbele ya mwenyewe.

Mwezi uliofuata ghala la pamba lilishika moto mchana kweupe. Gari lile lilisukuma maji saa tisa mfululizo bila kukohoa, na nyumba zilizopakana na ghala zikabaki zimesimama. Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja, na watatu kati yao wanaongoza karakana. Wote huanza kwa kidole gumba kwenye tundu la plagi, hata wale wenye masikio mazima.

Sasa anakwenda kuifufua pikapu ya dada yake, ambayo ameahidi kuitengeneza tangu miaka sita iliyopita. Dada ametutumia salamu kwamba safari hii hakuna kisingizio cha kazi.

Fundi, nilikosea juu yako, na nafurahi ulinionyesha mbele ya watu. Asante kwa kila gari lililotoka hapa likawahi kufika. Karakana nzima inakuombea afya tele, mikono isiyochoka, na asubuhi nyingi zisizo na haraka.