Mgeni Ndani ya Kopo la Kahawa

Hebu vuta picha: benchi moja, watu watatu, birika linachemka, na hakuna anayekunywa. Kopo la kahawa lina mgeni. Fundi bomba, tunayemwita Spana, alikuwa akifukua bomba lililopasuka karibu na hapo, akaibua kiumbe wa rangi ya waridi, mrefu kama penseli, mwili mzima pete, hana miguu. Akamtia kwenye kopo la kwanza aliloliona. Mtaa hauna maji tangu asubuhi, na Spana ameapa harudi shimoni.

— Ana vichwa viwili, alisema Spana. Kimoja kinakutazama, kingine kinakuvizia.

Breki, dereva mstaafu, alieleza kwamba vichwa hivyo hupokezana zamu, kama madereva wa safari ndefu. Baadaye akaongeza kuwa vikigombana, hutoa mvuke unaopofua. Alipoulizwa aliyajulia wapi, alisema barabarani mtu huona mengi.

Muuza kahawa alinyanyua birika.

— Mimi nataka kopo langu. Nammwagia maji haya ya moto, tumalizane.

— Hayo ndiyo maji ya mwisho mtaani, bwana, akasema Spana.

— Basi rudi shimoni ukatengeneze bomba.

Spana akatazama viatu vyake. Hapo ndipo mama mshonaji alipofika na ndoo tupu. Alisikiliza yote, kisha akauliza taratibu:

— Spana mwanangu, amekuuma kwa kichwa kipi?

Birika likabaki hewani.

— Hajaniuma, mama.

— Mdomo uko upande gani?

Hakuna aliyekuwa ametazama. Mama akainamisha kopo. Ncha moja ilikuwa na mdomo mdogo, na macho mawili kama vidoa chini ya ngozi. Nyingine ilikuwa mkia butu tu.

— Huyu ni ndugu wa mjusi. Niliwahi kumkuta mwenzake bustanini akila mchwa. Alinikimbia.

Akammimina kando ya shimo, kwenye udongo laini. Kichwa kikasukuma udongo kama kidole kwenye unga, mkia ukafuata, akatoweka.

Spana akashuka shimoni. Adhuhuri ndoo ya mama ilikuwa imejaa, na kopo limeoshwa mara tatu. Breki alinywa kahawa yake akinong'ona kwamba kile kichwa cha pili kimejificha tu.

Nawe ukimfukua kiumbe kama huyu siku moja, tafadhali kumbuka hili: yeye alikuwa nyumbani kwake, na wewe ndiye uliyebomoa dari.