Geza Tolnay na Tarehe Aliyoisogeza

Tunayemsindikiza leo ni Geza Tolnay, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Mzee Sandor Tolnay na hayati Mama Piroska. Alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1957, mjini Toledo, upande wa mashariki wa mto Maumee, katika mtaa wetu wa Wahungari. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alipitisha siku zake tumboni, na kwamba hata alipotoka alitoka kwa kulazimishwa. "Huyu hapendi kuanza," alimwambia mkunga. Dada yake mkubwa, Etelka, alikuwa na miaka miwili wakati huo, na anaambiwa kwamba alipomwona tu alimfinya.

Tarehe 3 Juni 1971, Mzee Sandor alianguka katika uwanja wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, saa ya mapumziko, akiwa na kipande cha mkate wa mafuta ya nguruwe mkononi. Hakuungua, wala hakuangukiwa na kitu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Waliandika kwamba ni moyo, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa maana siku zile mtu akifa kiwandani na mwili wake mzima, jamaa walishukuru. Geza alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo alianza kuamka usiku na kwenda kukaa nje ya mlango wa chumba cha mama yake, asikilize kama anapumua. Etelka alimcheka sana kwa hilo. Baadaye naye akawa anakwenda kukaa hapo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha sekondari ya mtaa, kisha akachukua shahada ya uhasibu hapahapa Toledo na kuhitimu mwaka 1980. Wenzake wa utotoni wanamkumbuka kwa jambo moja. Mto ukiganda, watoto wote walikimbia juu ya barafu kuvuka ng'ambo, lakini Geza alikwenda na mpini wa ufagio, akigonga kila mahali kabla ya kuweka mguu. Walimwita bibi kizee. Alifika wa mwisho siku zote, akiwa mkavu.

Alianza kazi katika idara ya hesabu ya kiwanda cha vioo. Mwaka 1994 aliajiriwa na timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Mabaharia wa Toledo, akakaa nao miaka thelathini. Ligi ilikuwa imeweka kikomo cha mishahara: kila timu, tajiri kwa maskini, isivuke jumla ileile kwa mwaka. Mchezaji akimaliza mkataba anakuwa huru, na Machi ndipo timu zinapogombania walio huru. Timu inayomtaka jitu fulani, na huku kikomo kimeshaifika shingoni, inamwita mtu kama Geza.

Kazi yake ilikuwa kusogeza. Mchezaji alipewa donge nono siku ya kutia saini, akaenda nalo kwao, lakini katika hesabu za ligi donge lile lilikatwa vipande na kugawanywa kwa miaka ya mkataba, hadi miaka mitano. Mwaka huu ukawa mwepesi, miaka ijayo ikabeba mzigo. Shida ilikuwa pale mchezaji alipotemwa mapema. Vipande vyote vilivyobaki viliiangukia timu kwa pamoja, ikawa inabebeshwa hesabu ya mtu ambaye hayupo tena uwanjani. Wenyewe huziita pesa mfu. Geza aliziogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Kila Machi alikonda, na kila Aprili mkewe aliachia tena mishono ya suruali zake.

Na mkewe ni nani? Ni Roberta Quillen, dereva wa basi la shule, ambaye alikutana naye kwenye chakula cha samaki cha Ijumaa za Kwaresima pale parokiani. Geza alimkodolea macho Kwaresima mbili nzima bila kusema neno. Ya tatu, Roberta alimfuata mezani na sahani yake.

"Wewe kaka, samaki wamekwisha na wewe bado unatazama. Unataka nini?"

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri," alisema Geza.

"Mimi naendesha basi lenye watoto hamsini. Sina wakati mzuri hata siku moja. Kesho saa kumi na mbili jioni uje."

Walifunga ndoa tarehe 5 Mei 1984, wakajaliwa watoto wawili, Kalman na Margit. Nyumba yao ilikuwa ya amani na ya tahadhari nyingi mno. Hakuna nyumba ya mtaa huu iliyokuwa na vizima moto vingi kama ile.

Wachezaji walimpenda, na sababu yake inajulikana na wengi mliopo. Machi 2021 alimwandikia mkataba Dontrell Weems, mkabaji kutoka Alabama, yule aliyeketi safu ya nne na kuwazibia wenzake. Karatasi zilikuwa mezani, na meneja mkuu wa timu, Bwana Curt Ransdell, alikuwa amesimama dirishani.

"Mzee Geza," alisema Dontrell, "wakala wangu ananiambia hii ni miaka mitano."

"Kuhesabu anajua. Sasa nisikilize mimi. Miwili ya kwanza ina dhamana. Uvunjike mguu, kocha akuchukie, utalipwa. Mitatu ya nyuma ni mapambo, tumeiweka ili donge lako ligawanyike vizuri. Usije ukanunua nyumba kwa mapambo, mwanangu."

Bwana Ransdell aligeuka. "Geza, hivi wewe unamfanyia kazi nani?"

"Wewe, bosi. Mapambo si nimeyaweka mimi?"

Dontrell alicheka mpaka meza ikatikisika. Alitemwa mwaka wa tatu, kama alivyoambiwa, na nyumba ya mama yake ilikuwa imeshalipiwa yote. Geza aliwaambia hivyo kila mmoja wao, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu aliona ni dhambi mtu kulala usingizi juu ya mwaka usiokuwepo.

Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, alipanda ngazi kuondoa majani kwenye mfereji wa paa, akaanguka. Alivunjika ubavu mmoja. Hospitali walipopiga picha ya kifua kutafuta mbavu, waliona mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni, umetanuka. Daktari Pillai, mama mpole asiyezungukazunguka, aliwaketisha Geza na Roberta.

"Umetanuka kuliko tunavyoweza kuvumilia," alisema. "Nataka kukupasua mwezi ujao."

"Na ukipasuka wenyewe?" aliuliza Geza.

"Hutapata nafasi ya kuniuliza tena."

Alimweleza kwamba watafungua kifua, watasimamisha moyo kwa muda, mashine ifanye kazi yake, kisha wataweka kipande kipya cha mshipa. Geza aliitikia kila neno kwa kichwa. Tangu siku hiyo alitembea nyumbani kwake kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto lililojaa. Hakuinama kufunga viatu. Hakukohoa kwa nguvu. Alilala ameketi, mkono kifuani, naye Roberta alilala macho yamefunguliwa. Watu wawili ndani ya nyumba moja wakiusikiliza mshipa mmoja.

Upasuaji wa Novemba aliusogeza, kwamba msimu bado unaendelea. Januari akasema lazima kwanza aishushe timu chini ya kikomo. Februari akasema nani atakayekaa na mawakala soko likifunguliwa? Kila alipopiga simu kuahirisha, rangi ilimrudia usoni. Akala vizuri, akapata usingizi wa siku mbili tatu, akapiga na mluzi. Hapo ndipo hofu ilipomdanganya, kwani ilimlipa papo kwa papo. Deni likabaki mbele.

Jumapili moja ya Februari dada yake alikwenda na sufuria la kabichi zilizojazwa nyama, akiwa amekusudia kugombana.

"Hakuna mwingine ofisini anayejua hesabu hizo?" Etelka aliuliza.

"Yupo binti mmoja, anajua vizuri. Ila Machi, dada..."

"Machi, Machi! Machi ndiye aliyekuzaa?"

Roberta aliweka kijiko chini. "Gez, niambie kama unavyowaambia wale vijana. Katika tarehe zako hizi, ipi ina dhamana na ipi ni pambo?"

Geza alimgeukia mkewe, aliyezoea kumwita Bobbie. "Bobbie, wakinilaza pale sitakuwa na habari. Moyo wenyewe hautakuwa unapiga. Nani atakuwa anausikiliza?"

"Mimi nitakuwa nje ya mlango."

"Nje ya mlango," alisema Geza. "Nimekaa nje ya mlango wa mama mpaka nikaota ndevu. Ukiwa nje husaidii kitu. Unasikiliza tu."

Kabichi zikapoa. Mwishowe Geza alisema, "Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Soko litakuwa limeshafunguliwa. Hiyo ina dhamana." Etelka alipokuwa anavaa koti mlangoni alimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, akambusu, akaondoka na sufuria lake. Alilia ndani ya gari, kwa sababu alikuwa amemwona mdogo wake akishuka ngazi mbili za baraza kwa kushika ukuta.

Jumatano iliyopita, tarehe 13 Machi, saa kumi jioni, soko lilifunguliwa. Mabaharia walikuwa chini ya kikomo, na mchezaji waliyemtaka alitia saini. Bwana Ransdell alimpa Geza mkono mbele ya ofisi nzima. Alirudi nyumbani, akala kuku wa paprika na madonge ya unga, akauliza kama mfuko wake wa hospitali umefungwa. "Imebaki Jumanne tu," alisema. Roberta anasema alikuwa na furaha kidogo, na kwamba furaha hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko kitu chochote.

Alhamisi asubuhi, akiwa anamimina kahawa, aliweka birika chini taratibu na kushika ukingo wa meza. Maumivu yalikuwa yameshuka mgongoni. "Bobbie, piga simu," alisema. Ndani ya gari la wagonjwa alikuwa na fahamu.

"Naogopa," alimwambia mkewe.

"Najua. Mimi pia naogopa."

"Basi tuko wawili."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki hospitalini saa tatu na dakika arobaini asubuhi, tarehe 14 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Daktari Pillai alikuwa ameshanawa mikono tayari kumpasua. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Geza alikuwa mwoga tangu utotoni, mpini wa ufagio mkononi, na tazameni ninyi wenyewe kama kuna anayecheka humu. Upasuaji wake ulikuwa ufanyike jana.

Daktari aliwakuta jamaa ukumbini, akauliza Mzee Sandor alikufa vipi. Etelka alimsimulia habari za uwanja wa kiwanda na kipande cha mkate. Daktari akasema ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, na kwamba kila mtoto wa Geza, na kila aliyezaliwa tumbo moja naye, apigwe picha ya kifua bila kuchelewa. Tangu hapo familia hii haijalala. Tunaogopa, na tunalisema wazi mbele ya jeneza lake, kwa maana yeye alilisema wazi mwishoni tu.

Marehemu ameacha mjane, Roberta, ambaye si wa damu hii, na anayesema angependa kuwa wa damu hii ili asiogope kwa niaba ya wengine. Ameacha mwana, Kalman, aliyepimwa Jumamosi na kukutwa salama. Ameacha binti, Margit, aliyepimwa Jumatatu. Mshipa wake umeanza kutanuka, kidogo, bado kidogo, na ameanza dawa. Daktari akimwita atakwenda, na kaka yake ameapa kumbeba mgongoni akikataa. Ameacha wajukuu wawili, watoto wa Kalman, ambao watapimwa wiki hii.

Ameacha pia dada mmoja, Etelka, anayewasomea haya. Miadi yake ni kesho saa nne asubuhi. Juzi alipiga simu hospitalini kwa siri kuomba isogezwe mpaka baada ya Pasaka, na alipokata simu alijisikia vizuri sana, akapika, akala. Roberta akagundua, akairudisha palepale. Kesho saa tatu atakuja kumchukua kwa basi lile kubwa la njano la shule, kwa sababu, amesema, katika gari dogo Etelka anaweza kufungua mlango akashuka.

Geza, lala. Hakuna tena cha kukutisha. Sisi tuliobaki tutakwenda tukiwa tunaogopa hivyohivyo, na tutakwenda kesho.